Huyo Buda Wako Alikuwa na Mama?

Miezi minne baada ya kumzika kaka yangu, mamangu bado alikuwa anaosha raba zake kila Jumamosi. Raba nyeupe, saizi nane, ambazo hakuna mtu nyumbani angezivaa tena. Alizisugua na mswaki wa zamani, akazianika kwenye dirisha la jikoni pale Umoja, na jioni akazirudisha chini ya kitanda. Mimi wakati huo nilikuwa nimeingia sana kwa mambo ya kutafakari. Nilikuwa na programu kwenye simu, sauti ya mzungu mpole ikinihesabia pumzi, na nilikuwa nimesoma vitabu viwili. Viwili tu, lakini nilijiona nimefika. Jumamosi moja nikamwambia, "Mathe, hayo maumivu yanatoka kwa kushikilia. Ukiachilia, utapoa."

Akaniangalia. "Nani amekuambia hivyo?"

"Buddha."

"Buda wa nani?"

Nikamweleza kwamba huyu si buda wa mtu yeyote, ni mwalimu wa kale wa India, aliyeishi kama miaka 2,500 iliyopita, akaketi chini ya mti akaelewa chanzo cha mateso. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akageuza kiatu, akaanza kusugua kisigino. Halafu akauliza, "Na huyo buda wako alikuwa na mama?"

Sikuwa na jibu. Nilirudi kwa vitabu, na safari hii sikusoma ili nitulie, nilisoma kwa sababu nilikuwa nimeaibika. Nilichokipata ni kwamba nilimkosea mamangu mara mbili. Kwanza, nilimpa fundisho ambalo Buddha mwenyewe hakulifundisha vile. Pili, na hapa ndipo pagumu, hata fundisho lenyewe likieleweka sawasawa lina pengo, na pengo liko karibu kabisa na pale mamangu alipoweka kidole. Wapenzi wa Ubuddha wanapenda kuishia kwa hilo la kwanza: ukikosoa chochote, wanakuambia hujaelewa. Wakosoaji nao wanarukia la pili bila kupitia la kwanza, wanapiga sanamu ambayo hakuna mtu anaiabudu. Mimi nadaiwa yote mawili.

Tuanze na kutoelewa kwangu. Kiini cha mafundisho ya Buddha ni zile Kweli Nne, na ya kwanza imezoeleka kutafsiriwa kwamba maisha ni mateso. Ukiisoma hivyo kwenye simu usiku, unaona huyu jamaa alikuwa na msongo. Lakini neno lenyewe ni dukkha, la Kipali, lugha iliyohifadhi maandiko ya kale ya Wabuddha wa Theravada. Dukkha inabeba maumivu ya mwili na huzuni, ndiyo, lakini pia inabeba ile hali ya kitu kizuri kutodumu, na ile hali ya kutotulia inayojificha hata kwa siku njema. Unaweza kula nyama choma na marafiki Jumapili, ucheke mpaka machozi, na dukkha iwe imekaa nanyi mezani kwa sababu Jumatatu inakuja. Mwalimu hajasema nyama haikuwa tamu.

Kweli ya pili inataja chanzo, na hapo ndipo nilipoteleza. Neno ni tanha, na maana yake ya moja kwa moja ni kiu. Watafsiri wengi wanaweka neno pana linalomeza kila aina ya kutaka, kisha msomaji anaondoka akijua Buddha anamtaka asitake kitu. Asipende, asitamani kazi nzuri, asililie mtu wake. Sisi wasemaji wa Kiswahili tuna bahati, kwa sababu kwetu kiu na nia ni maneno mawili mbali kabisa. Maandiko pia yana neno lingine, chanda, hamu ya kufanya jambo, ambayo inaweza kuwa njema kabisa. Na moja kati ya hatua nane za njia ya Buddha ni juhudi sahihi. Sasa mtu asiyetaka chochote atafanya juhudi ya nini?

Halafu kuna kisa cha Kisa Gotami. Huyu ni mama aliyefiwa na mtoto mdogo, akamzungusha maiti mikononi akiomba dawa. Watu wakamcheka. Alipofika kwa Buddha, hakuambiwa aachilie. Aliambiwa alete mbegu za haradali, kitu ambacho kila jikoni ya India kinacho, ila zitoke kwa nyumba ambayo hakujafa mtu. Akaenda mlango kwa mlango. Kila nyumba ilikuwa na haradali, na kila nyumba ilikuwa na mfu wake. Mwishowe alimzika mtoto akiwa ameelewa kitu ambacho hakuna mtu alikuwa amemtamkia.

Angalia tofauti. Mwalimu alipokutana na mama aliyefiwa, alimpa sababu ya kwenda kuongea na majirani kutwa nzima. Yeyote aliyewahi kukaa matangani anajua dawa hiyo, hata kama hajui inatoka wapi. Mimi nilimpa mamangu sentensi moja, tena nikiwa nimesimama mlangoni na simu mkononi.

Nilitoa wapi Ubuddha mwembamba hivyo? Sehemu ya jibu ni historia. Mwaka 1979, Jon Kabat-Zinn alianzisha kliniki ya kupunguza msongo wa mawazo katika kitivo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani. Aliitoa tafakuri hekaluni ili mgonjwa wa imani yoyote aweze kuitumia. Iliwasaidia watu, na mimi ni mmoja wao. Lakini ilipofika kwenye simu yangu ilikuwa imedondosha mizigo mingi njiani: kutoa, kusema kweli, kazi isiyomdhuru mtu, kuishi na wenzako. Tena kwa sehemu kubwa ya historia, Mbuddha wa kawaida hakuwa mtu wa kukaa kimya amefumba macho. Alikuwa mkulima anayewapa watawa chakula asubuhi, anayejitahidi kushika amri tano, anayewaombea wafu wake. Tafakuri ya umma ilipata nguvu Burma baada ya Waingereza kuuangusha ufalme wa huko mwaka 1885, pale watawa kama Ledi Sayadaw walipohofia kwamba dini nayo ingezama, wakaanza kuwafundisha raia. Kwa hivyo tunapodhani kwamba mtu peke yake na pumzi zake ndio Ubuddha wote, tunashika jambo la juzi tukidhani ni la kale.

Mpaka hapo ungesema kosa lote ni langu. Ningependa iwe hivyo, ingekuwa rahisi. Lakini kuna karma.

Mtaani tunaitumia karma kama kiboko cha kuazima. Mtu akikunyang'anya simu kisha agongwe na boda, tunasema karma imemshika. Wengine wanaenda mbali zaidi. Februari 1999, Glenn Hoddle alipoteza kazi ya ukocha wa timu ya taifa ya Uingereza baada ya gazeti kuchapisha mahojiano yaliyomnukuu akidai kwamba watu wenye ulemavu wanalipia makosa ya maisha yaliyopita. Hoddle hakuwa Mbuddha, na ni rahisi kusema alichanganya mambo. Kuna hata andiko la kumjibu. Mtu mmoja aitwaye Sivaka alimuuliza Buddha kama ni kweli kila kinachompata mtu kimetokana na matendo yake ya zamani. Buddha akakataa. Akataja nyongo, kohozi, upepo wa mwilini, mchanganyiko wa hivyo vitatu, mabadiliko ya majira, mtu kutojitunza, kushambuliwa, na mwisho ndipo akataja karma. Sababu nane, na karma ni moja tu. Wanaosema yote ni karma, akasema, wamepita mpaka.

Ningeishia hapo ningekuwa nimekudanganya. Ndani ya mkusanyo huohuo kuna mazungumzo mengine, ambapo kijana aitwaye Subha anauliza kwa nini watu wanazaliwa tofauti: huyu anaishi muda mfupi, yule miaka mingi, huyu mgonjwa, yule mzima, huyu maskini, yule tajiri, huyu wa ukoo wa chini, yule wa juu. Na jibu ni moja kwa moja. Aliyeua katika maisha ya nyuma anaishi maisha mafupi. Aliyekuwa bahili anazaliwa maskini. Aliyekuwa na kiburi anazaliwa ukoo wa chini.

Soma hilo ukiwa na kaka aliyekufa na miaka 26. Mimi nililisoma mara tatu. Hakuna tafsiri mbaya hapo ya kulaumu, wala hakuna programu ya simu iliyolipotosha. Andiko liko vile, na kwa karne nyingi limewapa matajiri na wafalme usingizi mzuri. Watetezi wanasema lengo lake ni kumhimiza msikilizaji abadili matendo yake leo, na naweza kuona hivyo. Nikiisoma karma kuhusu mimi mwenyewe, inanisaidia: inaniuliza nitafanya nini sasa hivi. Lakini nikiigeuza kumtazama jirani anayeteseka, inakuwa hukumu bila mahakama. Na andiko halikuweka kufuli ya kunizuia nisiigeuze.

Aliyeliona hili kwa macho makali kuliko wote ni B. R. Ambedkar. Alizaliwa 1891 katika jamii ya Wamahar, waliohesabiwa kuwa hawafai hata kuguswa, akasoma mpaka New York na London, akaongoza kamati iliyoandika rasimu ya katiba ya India. Tarehe 14 Oktoba 1956, mjini Nagpur, aliingia Ubuddha pamoja na mamia ya maelfu ya wafuasi wake. Hakufika Desemba saba. Alifariki tarehe 6. Kitabu chake, The Buddha and His Dhamma, kilitoka mwaka uliofuata.

Kinachonishangaza ni utangulizi wake. Huyu ni mtu anayewaongoza watu wake kuingia nyumba mpya, na kabla hajakaa kitako anaonyesha nyufa. Anauliza maswali manne. Kwa nini Buddha aliondoka nyumbani? Kweli Nne si zinafanya dini hii iwe ya kukata tamaa? Kama Buddha alikana kuwepo kwa nafsi ya kudumu, ni nani huyo anayezaliwa tena kulipia karma? Na mtawa yupo kwa ajili ya kujikamilisha mwenyewe au kwa ajili ya kuwahudumia watu?

Swali la tatu si geni. Wabuddha wenyewe wamelijadili tangu zamani, na mfano wao maarufu ni wa taa inayowashwa kutoka taa nyingine: moto unapita, lakini hakuna kitu kilichobebwa. Mfano mzuri. Ila taa ya pili haina kosa la kulipia, na hapo ndipo Ambedkar anapokataa. Anaona kwamba ukisema umaskini wa mtu umetoka maisha yaliyopita, umeipa jamii na serikali njia ya kukwepa lawama. Mtu wa tabaka lake alikuwa ameambiwa hivyo maisha yake yote. Hakuwa tayari kuambiwa tena kwa sauti laini zaidi.

Kwa swali la kwanza, anaitupa ile hadithi tunayoijua sote, ya mwana wa mfalme aliyeona mzee, mgonjwa na maiti kwa mara ya kwanza. Anauliza, kweli mtu wa miaka 29 hajawahi kumwona mzee? Badala yake anasimulia kwamba Washakya na majirani zao Wakoliya waligombania maji ya mto Rohini, Siddhartha akapinga vita, na ikabidi aondoke. Mkenya yeyote aliyefuatilia habari za wafugaji na visima anaweza kuielewa hadithi hiyo bila mwalimu.

Je, Ambedkar yuko sahihi? Kama mwanahistoria, hapana, mara nyingi. Alishuku kwamba Kweli Nne zilipachikwa na watawa wa baadaye, lakini zimetapakaa kila mahali katika maandiko ya madhehebu yote. Maelezo yake ya kuzaliwa upya, kwamba ni elementi za mwili zinazorudi ulimwenguni, hayafanani na yale wazee walisema. Wabuddha wa jadi walilalamika kwamba hii ni dhamma ya Ambedkar, si ya Buddha, na wana hoja. Lakini kama msomaji yuko sahihi kabisa kuhusu mahali pa kuuliza. Alijua tofauti ya maumivu ninayojipikia mwenyewe kichwani na maumivu ambayo mtu mwingine ananipikia. Mafundisho ya Buddha ni makali sana kwa yale ya kwanza. Kwa yale ya pili, yanaanza kupepesa macho.

Ukitaka kuona kupepesa huko kukifika mwisho wake, tazama Myanmar. Watu hupenda kusema Ubuddha ni dini ambayo haijawahi kushika panga. Kuanzia Agosti 2017, zaidi ya Warohingya 700,000 walikimbilia Bangladesh wakilikimbia jeshi la nchi yenye Wabuddha wengi. Oktoba mwaka huo mtawa mashuhuri, Sitagu Sayadaw, aliwahutubia maafisa wa jeshi akawasimulia kisa kutoka Mahavamsa, tarikh ya kale ya Sri Lanka. Mfalme Dutthagamani anasumbuliwa na maelfu aliowaua vitani. Watawa wanamtuliza: kwa hesabu ya kweli umeua mtu mmoja na nusu tu, yaani wale waliokuwa wameshika mafundisho. Wengine hawakuhesabika. Amri ya kwanza ya Buddha ni kutoua, na hakuna tafsiri inayoweza kuificha. Lakini dini ikijali zaidi kutulia kwa moyo wa mfalme kuliko vilio vya waliouawa, kisa kama hicho kinapata pa kuingilia.

Sasa nirudi kwa swali la jikoni. Ndiyo, alikuwa na mama. Mapokeo yanasema Maya alifariki siku saba baada ya kumzaa. Aliyemlea ni Mahapajapati, dada ya mamake. Siddhartha alipoondoka nyumbani aliacha mke na mtoto mchanga, Rahula, jina ambalo mapokeo hulifafanua kuwa pingu. Miaka baadaye, yule mama aliyemlea alitembea mpaka Vesali, amenyoa nywele, miguu imevimba, amejaa vumbi, akiomba wanawake nao waruhusiwe utawa. Tayari alikuwa amekataliwa mara tatu. Alikubaliwa baada ya Ananda kumtetea, na kwa masharti manane. La kwanza: mtawa wa kike aliyetimiza miaka 100 ya utawa atamwinamia mtawa wa kiume aliyeingia leo. Baadhi ya wasomi wanashuku kwamba masharti hayo yaliongezwa baadaye. Inawezekana. Lakini Thailand ilipowakataza watawa wa kiume kuwaingiza wanawake katika utawa mwaka 1928, haikuwa inashuku chochote.

Kuna kisa kimoja zaidi, na hiki ndicho kilichonizuia kufunga vitabu. Buddha aliporudi kwao kuzuru, Rahula aliingizwa utawani akiwa bado mtoto. Babu yake, mfalme Suddhodana, akaja kulalamika. Alisema ulipoondoka wewe iliniuma, na sasa hili. Mapenzi ya mzazi yanakata ngozi, yanakata nyama, yanafika mpaka kwenye mfupa na uboho. Hakuambiwa aachilie. Buddha aliweka kanuni mpya: mtoto asiingizwe utawani bila ruhusa ya wazazi wake. Kanuni hiyo ipo hadi leo.

Mimi naisoma hivi. Hapo fundisho lilikosolewa na mtu mwenye maumivu, na likakubali kurekebishwa. Kwa watu wa Kalama, Buddha alitoa kipimo ambacho mitandaoni kimegeuzwa kuwa "amini unachotaka". Hakusema hivyo; hata mantiki peke yake aliwaonya wasiitegemee. Alisema watazame kama jambo, likifuatwa, linaleta madhara au linaleta heri. Basi tulitumie kwake pia. Ile karma ya Subha, ikifuatwa, imeleta madhara. Yale masharti manane yameleta madhara. Kusema hivyo ni kutumia kipimo chake mwenyewe, na sidhani mtu anahitaji kuomba radhi kwa hilo.

Bado natafakari asubuhi, bila sauti ya mzungu. Jumamosi iliyopita nilimwambia mamangu jibu lake. Nikamwambia mamake alikufa akiwa na siku saba.

"Woi, maskini mtoto," akasema. Akanyamaza kidogo. "Na nani alimlea?"

Nikamsimulia habari za mama mdogo, safari, vumbi, miguu iliyovimba.

"Na wakamkubali?"

"Walimkubali. Kwa masharti."

"Kwa masharti," akarudia, akatikisa kichwa, akanipa mswaki na kiatu cha kushoto.